Je, Wajua? Kidonge Kikikugeuka

Je, wajua kwamba mbwa mmoja aliyeitwa Neptune ndiye aliyewafumbua macho wanasayansi kuwa dozi ya pili inaweza kuua hata kama ya kwanza haikufanya kitu? Sogea hapa kwenye benchi nikusimulie. Kisa chenyewe kilianzia melini, tena meli ya mtawala.

Mwaka 1901 Prince Albert I wa Monaco aliwapakia wanasayansi wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, katika meli yake Princesse Alice II. Akawapa kazi ya kuchunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayeelea kama puto na kuchoma kama kaa la moto. Waliporudi nchi kavu wakahamia kwenye sumu ya kiumbe mwingine, yule anayenata mwambani mithili ya ua.

Wakamdunga Neptune dozi ndogo, naye hakutikisika. Siku 22 baadaye, mbwa akiwa mzima kabisa, wakamdunga dozi ile ile. Baada ya dakika 25 alikuwa mzoga.

Wenyewe walidhani mwili utaizoea sumu kidogo kidogo, kama mtoto anavyozoea pilipili. Kumbe ulikuwa ukinoa panga! Mwaka 1902 wakaipa hali hiyo jina la anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 Richet akatunukiwa Nobel.

Umeshika hapo? Ndiyo maana ile kauli yetu ya "mbona dawa hii nilishaimeza, haikunifanya kitu" haina uzito. Mara ya kwanza mwili unaweza kuwa unasoma sura ya mgeni tu. Mara ya pili ndipo unapomtambua na kumrukia.

Je, wajua kwamba neno "aleji" lina umri wa miaka 120 hivi tu? Lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Kabla ya hapo watu walivimba na kujikuna bila jina la kuulaumu ugonjwa wao.

Na zile seli zinazolipuka wakati wa mzio? Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi. Aliziona zimejaa chembe tele, akadhani zimeshiba kupita kiasi, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Hazikuwa zimenenepa, ndugu yangu: zilikuwa zimebeba baruti, na baruti yenyewe ndiyo histamini.

Usicheke hili. Mwaka 1921 Heinz Küstner, daktari aliyekuwa akivimba kila akila samaki aliyepikwa, alimpa mwenzake Carl Prausnitz maji ya damu yake. Prausnitz akayadunga kwenye ngozi yake mwenyewe, kesho yake akadunga dondoo ya samaki mahali pale pale, na pakavimba. Akawa ameazima aleji ya mtu mwingine!

Haya, sasa tazama saa yako. Je, wajua kwamba kwenye anafilaksia ya dawa, hasa ya sindano, moyo unaweza kusimama ndani ya dakika 5? Daktari Richard Pumphrey alichunguza vifo vya namna hiyo Uingereza, akakuta muda wa kati kati: dakika 5 kwa dawa za hospitalini, dakika 15 kwa kuumwa na nyuki au nyigu, dakika 30 kwa chakula. Dakika 5, mwenzangu! Chai yako haijapoa.

Unajua kinachotokea ndani? Mishipa inavuja kama kapu. Hadi asilimia 35 ya maji yaliyomo kwenye mishipa ya damu yanaweza kutorokea kwenye nyama za mwili katika dakika 10, bila tone moja kumwagika sakafuni. Presha inaanguka, na mgonjwa anakwambia kwa sauti ya kukwaruza kwamba anahisi anakufa. Mwamini.

Je, wajua kwamba dawa ya hali hii ilitangazwa mwaka ule ule wa 1901, wakati Richet na Portier wakiwa baharini? Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, aliipata kutoka kwenye tezi za wanyama zinazokaa juu ya figo. Ni adrenalini. Ugonjwa ulikuwa bado haujapewa jina, dawa yake tayari imo kwenye chupa!

Na unadhani dozi yake ni kubwa kiasi gani? Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, ambayo kwa ile chupa ya kawaida ya 1 kwa 1,000 ni nusu mililita. Kijiko cha chai kina mililita 5. Maisha ya mtu, basi, yanakaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya kijiko cha chai.

Inachomwa wapi? Si matakoni, wala si begani. Ni kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati, kwa sababu hapo dawa inafika kwenye damu haraka zaidi. Hali isipotulia, inarudiwa baada ya dakika 5, na hakuna cha kusubiri ruhusa ya mkubwa wa zamu.

Sasa nitakuudhi kidogo. Je, wajua kwamba Piriton, ile tunayoikimbilia kwa kila uvimbe, haifungui koo lililoziba wala hainyanyui presha iliyoanguka? Inatuliza muwasho na vipele, basi. Sindano ya haidrokotisoni nayo huchukua saa kadhaa kuanza kazi, na mgonjwa wa anafilaksia hana saa kadhaa mfukoni.

Hili hapa wengi hawalijui, hata watu wazima na akili zao. Mgonjwa akipata anafilaksia usimwinue, usimkalishe ghafla, usimtembeze hadi kwenye gari. Pumphrey huyo huyo alieleza vifo vilivyotokea muda mfupi tu baada ya mgonjwa kuinuliwa, kwa sababu damu kidogo iliyobaki inateremka miguuni na moyo unabaki ukipampu hewa. Mlaze, inua miguu. Akishindwa kupumua mwache akae huku miguu imenyooshwa mbele, na mjamzito mlaze ubavu wa kushoto.

Unangoja kuona vipele kwanza? Utangoja sana! Kati ya watu 10 wanaopata anafilaksia, mmoja au wawili hawatoi kipele hata kimoja. Wengine huanza na tumbo kusokota, kutapika, au kuzimia tu.

Tena inaweza kurudi. Mgonjwa anapona, anacheka, anaomba soda, halafu wimbi la pili linampiga, hata kama hajagusa ile dawa tena. Limewahi kuonekana likija hadi saa 72 baadaye, na ndiyo maana daktari anakwambia "kaa kwanza" wakati wewe unawahi daladala.

Je, wajua kwamba kalamu ya adrenalini ya kujidunga, EpiPen, ina ujomba na vita? Imetokana na sindano za kujipiga zilizotengenezwa kwa ajili ya askari wa Marekani waliohofiwa kushambuliwa kwa gesi ya sumu. Iliruhusiwa kwa raia mwaka 1987, na sindano yake inapenya hata suruali.

Shika na hii ya dawa ya kikohozi. Kulikuwa na dawa ya maji iitwayo folkodini, ikinunuliwa kama peremende katika nchi kadhaa. Ikagundulika kwamba waliokunywa walikuja kupata anafilaksia mezani kwa daktari wa upasuaji, walipopewa dawa za kulegeza misuli. Norway ikaiondoa mwaka 2007 na visa vikapungua, Uingereza ikaiondoa mwaka 2023. Mtu anakohoa Januari, anakaribia kufa Desemba!

Na kupe je? Katika majimbo ya Tennessee na North Carolina kule Marekani, asilimia 22 ya wagonjwa wa saratani katika utafiti mmoja walipata mzio mkali wa dawa iitwayo setuksimabu, tena kwenye dripu ya kwanza kabisa. Kaskazini-mashariki ya nchi hiyo hiyo haikufika hata asilimia 1. Siri ilikuwa kupe: anapouma anaufunza mwili kuichukia sukari fulani, na sukari hiyo imo pia ndani ya dawa, na ndani ya nyama ya ng'ombe. Mtafiti Thomas Platts-Mills aliumwa na kupe matembezini, na baadaye kipande cha nyama ya kondoo kikamwamsha usiku akiwa amejaa vipele.

Tuhamie kwenye mzio wa aina nyingine, ule usio na haraka. Huu hauji kwa dakika 5. Huu unakuja kwa hatua za paka, na ukifika unavua ngozi.

Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, walieleza watoto wawili wa kiume wenye umri wa miaka 7 na 8. Homa, vipele mwili mzima, kinywa kimebabuka, macho yamewaka. Jina la ugonjwa wa Stevens-Johnson likabaki hadi leo.

Mwaka 1956, kule Aberdeen, Scotland, Alan Lyell akaeleza wagonjwa 4 ambao ngozi yao ilibanduka kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto. Hakuna aliyemwagiwa kitu. Huo ni ugonjwa ule ule, umevaa joho kubwa zaidi.

Tofauti yake inapimwa kwa kiganja, amini usiamini! Kiganja chako pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yako. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya viganja 10, madaktari wanauita Stevens-Johnson. Ikipita viganja 30, ni ule wa Lyell, na hapo karibu mgonjwa 1 kati ya 3 hufariki.

Je, wajua kwamba mshtakiwa mara nyingi ni dawa iliyoanzwa kati ya siku 4 na wiki 4 zilizopita? Kwa hiyo ukimwuliza mgonjwa "leo umekula nini?" umepotea njia. Mwulize "mwezi huu umeanza dawa gani?" Atakutajia dawa aliyokwisha kuisahau.

Majina ya washtakiwa wa kila siku unayajua: Septrin na ndugu zake wa salfa, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, alopurino ya jongo, nevirapini ya virusi vya ukimwi, piroksikamu ya maumivu. Hizi si dawa mbaya, tafadhali. Kwa mwaka mzima, katika watu milioni 1, ugonjwa huu huwapata kati ya mtu 1 na watu 6.

Lakini kwa mwenye virusi vya ukimwi hatari hiyo imewahi kukadiriwa kuwa mara 100 zaidi. Mara 100! Na hapa Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa uchungu, tena kwa tarakimu zetu wenyewe.

Nairobi, mwaka 1991. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipewa kidonge cha bei nafuu kiitwacho thayasetazoni, kilichotumika kwa miaka mingi bila kelele. Watafiti wakahesabu: kwa wasio na virusi vya ukimwi, ngozi iliharibika kwa asilimia 1 hivi. Kwa wenye virusi, asilimia 20. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaonya kisitumike kwa wenye virusi, na leo muulize kijana yeyote wa udaktari kama amewahi kukiona kidonge hicho.

Je, wajua dalili za kwanza za Stevens-Johnson haziko hata kwenye ngozi? Ni homa, koo kuuma, macho kuwaka kama yameingia mchanga. Siku 1 hadi 3 nzima mtu anadhani ana mafua, na, balaa gani, wengine huongeza dozi!

Kanuni ya kibarazani: ngozi inayowasha inaudhi, ngozi inayouma inatisha. Ngozi inauma kuigusa, midomo imechubuka, kukojoa kunachoma, macho hayafunguki? Usimalize sentensi, nenda hospitali. Nenda na dawa zako zote mkononi.

Na wewe mwenye ngozi nyeusi kama mimi, sikiliza vizuri. Vitabu vingi vinasema "ngozi nyekundu". Kwetu wekundu huo hujificha, unaona madoa ya zambarau, kijivu au meusi ti. Tazama viganja, nyayo, ndani ya midomo na ndani ya kope, hapo mwili hausemi uongo.

Kuna kipimo kisichogharimu senti moja, cha daktari Nikolsky aliyekieleza mwishoni mwa karne ya 19. Daktari anasukuma ngozi kwa kidole pembeni mwa lengelenge, nayo ikiteleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa, kazi ipo. Kidole tu, bila umeme wala maabara!

Wakati mwingine, hata hivyo, mwili unawasha na mzio haumo. Kama ulikulia Tanzania kabla ya mwaka 2001 unakumbuka klorokwini. Ukimeza jioni, usiku kucha unajikuna hadi nyayo, unasugua mgongo ukutani kama mbuzi, nayo ilichukua siku mbili au tatu. Je, wajua kwamba ule haukuwa mzio? Ni tabia ya dawa yenyewe, iliwasumbua zaidi Waafrika, na ndiyo maana dawa za aleji hazikusaidia sana. Bibi zetu walijikuna bure wakidhani damu yao chafu.

Baada ya klorokwini ikaja SP, yenye salfa ndani, Tanzania ikaitumia kama dawa ya kwanza ya malaria tangu 2001 hadi mseto ulipoipokea mwaka 2006. Miaka ya 1980 wasafiri wa Marekani walikuwa wakiimeza kila wiki kujikinga, na vifo vya ngozi vikakadiriwa kuwa 1 kwa kila watu 11,000 hadi 25,000. Wakaacha. Sisi tulimeza dozi moja ukiugua, na mama mjamzito leo anapewa kwa vipindi kliniki: kila wiki na mara moja moja ni vitu viwili mbalimbali, kwa hiyo mama usiikimbie kliniki kwa sababu yangu.

Na lile doa jeusi la mviringo mdomoni, linalorudi pale pale kila ukimeza dawa fulani? Watu wanasema umerogwa. Ni mzio wenye kumbukumbu ya mahali: umeze leo, umeze miaka miwili ijayo, doa linarudi pale pale kama mtu anayejua kiti chake msikitini. Salfa ni fundi wa hilo.

Je, wajua kwamba mwenye mzio wa salfa anaweza kutumia sabuni ya salfa bila hofu hiyo? Ndiyo, ile ya kiberiti! Salfa ya Septrin ni kitu kimoja, madini ya kiberiti ni kingine, na "salfeti" iliyoandikwa kwenye vidonge vya kuongeza damu ni cha tatu. Majina yamefanana kama Juma wa Tandale na Juma wa Tanga.

Lakini mtego huu hapa, na ni mkubwa. Mtu ngozi imebanduka kwa sababu ya Septrin, ndugu wanaona ni kama kuungua, wanamletea ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto. Krimu hiyo ina salfa! Soma jina: silva salfadayazini.

Nani anachaguliwa na mizio hii ya ngozi? Je, wajua kwamba jeni moja linaweza kukuamulia? Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima wagonjwa 44 walioharibiwa ngozi na kabamazepini, na wote 44 walikuwa na jeni moja, HLA-B*15:02. Mwaka uliofuata wakapima 51 walioumizwa na alopurino, wote 51 wakakutwa na ndugu yake, HLA-B*58:01. Sayansi ni nadra kupata 44 kati ya 44, niamini.

Hapa kwetu kuna hadithi nyingine. Dawa ya virusi vya ukimwi iitwayo abakavi huleta mzio mkali kwa wenye jeni la HLA-B*57:01. Wapimaji walikuta alama ya jeni hilo kwa takriban asilimia 14 kwa Wamaasai wa Kenya, asilimia 3 hivi kwa Waluhya, nchi moja hiyo hiyo, na sifuri kwa Wayoruba wa Nigeria. Sasa mtu aniambie "Waafrika" ni kundi moja la damu!

Na abakavi ina sheria isiyojadiliwa: ikikukataa mara moja, hairudiwi maishani. Kuirudia kunaweza kuua ndani ya saa chache.

Nevirapini nayo ilikuwa na ujanja wake. Siku 14 za kwanza ulipewa nusu dozi, ili ngozi isishtuke. Wiki mbili za kubisha hodi!

Kuna mzio wa tatu, mvivu kuliko wote. Madaktari waliupa jina mwaka 1996, DRESS, na unakuja wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza dawa: homa, uso kuvimba, tezi, ini kuchafuka. La kushangaza? Virusi vya utotoni vilivyolala mwilini miaka yote huamka wakati huo na kujiunga na ghasia. Na kuna wa nne, wa vipele vidogo vyenye usaha kama vichwa vya pini, unaozuka siku moja au mbili baada ya dawa na kuisha ndani ya wiki mbili, nao huogopesha kuliko unavyoumiza.

Presha je, unameza captopril, enalapril au lisinopril? Hizi zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi bila muwasho wowote, hata baada ya miezi au miaka ya kuzitumia kwa amani. Kwa watu weusi hutokea mara kadhaa zaidi kuliko kwa wazungu. Ukiamka na ulimi umejaa mdomo, usiseme nilikula nini jana.

Turudi kwa penisilini, maana hapa nina habari njema. Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 anasema ana aleji nayo. Wakipimwa vizuri, 9 kati ya hao 10 hawana! Na walio nayo kweli, 8 kati ya 10 huipoteza baada ya miaka 10.

Asiyeiweza, naye akiwa mjamzito mwenye kaswende, afanyeje, ikiwa penisilini ndiyo inayomkinga mtoto tumboni? Mwaka 1985 madaktari wa Marekani walichapisha ujanja huu: dozi ndogo mno ya kunywa, kisha wanaiongeza takriban maradufu kila dakika 15, jumla dozi 14. Baada ya saa 4 hivi mwili unakubali dozi nzima. Ukiacha siku chache, uadui unarudi! Usijaribu nyumbani; hiyo hufanywa hospitalini, adrenalini ikiwa tayari. Na ujanja huo hautumiki kabisa kwa mtu aliyewahi kubanduka ngozi.

Tiba ya kubanduka ngozi inaanza na kitendo kisicho na bei: acha dawa. Watafiti walikuta kila siku moja ya kuwahi kuacha ilipunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 30. Siku moja!

Kisha kinachofuata ni uuguzi, uuguzi, uuguzi. Chumba kinapashwa joto hadi nyuzi 30 au 32, maana mtu asiye na ngozi anatetemeka hata Dar es Salaam. Maji ya mishipa, chakula cha mpira wa puani, vidonda kufunikwa, macho kusafishwa kila mara yasigandamane.

Na kwa macho, je, wajua wanatumia nini? Utando wa kondo la nyuma, ule uliomfunika mtoto tumboni mwa mama. Unasafishwa, unatandazwa juu ya jicho, nalo linapona bila makovu mengi. Kitu tunachokizika uani kinaokoa macho ya watu!

Nyingine mbichi kabisa: mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha habari za wagonjwa 7 waliobanduka ngozi, wakapewa dawa za kundi linalozuia ishara za seli liitwalo JAK. Wote 7 walipona. Ni wachache, majaribio makubwa yanahitajika, lakini saba kwa saba inatia hamu.

Madaktari wanaoujua ugonjwa huu wako karibu kuliko unavyodhani. Pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na waliosomea hapo wamesambaa nchi nyingi za Afrika. Chini ya Kilimanjaro, si ng'ambo.

Na taarifa ya upele wako inaweza kusafiri hadi Sweden! Katika mji wa Uppsala kuna ghala la dunia la madhara ya dawa, linalotunzwa huko tangu mwaka 1978, lenye taarifa zaidi ya milioni 30. Zinatoka kwa watu kama wewe, kupitia mamlaka za dawa kama TMDA ya Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya.

Sasa niambie kweli, ile bahasha ya dawa uliyopewa juzi imeandikwa nini? "2x3" peke yake, sivyo? Hakuna jina. Ukivimba usiku, daktari atauliza ulimeza nini, nawe utajibu "vidonge vyeupe". Dunia ina vidonge vyeupe vingapi?

Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani, mwambie mfamasia akuandikie jina juu ya bahasha. Halafu leo jioni toa kadi yako ya kliniki, tafuta pale palipoandikwa mzio wa dawa. Kama pako tupu, na unaijua dawa iliyowahi kukuvimbisha midomo, chukua kalamu.